Mtandamboo kwenye uzio wa nyumbani: kuupanda kwa ajili ya ndege, nyuki na vipepeo

UaLaNyuma (mleta mada), Arusha

Wanajukwaa, salaam kwenu.

Katika mitaa mingi ya mji wetu na vitongoji vyake, nyumba huzungushiwa ama ukuta wa tofali ama mstari wa duranta unaopunguzwa kila baada ya wiki chache hadi unyooke kabisa. Vyote viwili vinaonyesha mpaka wa kiwanja, lakini kwa shore anayetafuta tunda, kwa kipepeo anayetafuta ua na kwa kinyonga anayetafuta pa kujificha, havina tofauti kubwa. Nimeleta mada hii ili tujadili kichaka chetu cha asili ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili nafasi hiyo ya mpakani kuliko mimea mingi tunayoinunua kwa bei ghali. Kichaka hicho ni mtandamboo, ambao kwa jina la kitaalamu ni Carissa spinarum, na ambao vitabu vya zamani kidogo huuandika Carissa edulis. Wamasai huuita olamuriaki, Wakikuyu mukawa, Wakamba mutote, Wajaluo ochuoga na Waganda muyonza. Nimeyataja majina hayo mapema kwa sababu mwenye kitalu au mzee wa kijijini anaweza kuwa anaufahamu kwa jina lake la kwao tu.

Ni kichaka kinachobaki na majani mwaka mzima, chenye matawi mengi yanayosokotana, ambacho kwa kawaida hufikia kimo cha mita 2 hadi 3, na hupanda juu zaidi kikipata mti wa kuegemea. Majani ni magumu, yanang'aa, na hukaa mawili mawili yakitazamana. Ukivunja tawi bichi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Miiba ni mirefu, migumu na iliyonyooka. Maua ni meupe kwa ndani na yenye rangi ya waridi kwa nje, nayo hutoa harufu tamu inayokaribiana na ya asumini. Matunda ni madogo na ya mviringo, huanza yakiwa ya kijani, hugeuka mekundu, na yakiiva sawasawa huwa ya zambarau iliyokolea inayokaribia weusi. Ni matamu, na watoto wachungaji wamekuwa wakiyala tangu zamani wanapokuwa machungani.

Ugumu wake wa maisha ndio sababu ya kwanza ya kuupendekeza. Huota wenyewe kwenye vichaka vikavu, kingo za misitu, miteremko yenye mawe na juu ya vichuguu vya mchwa, kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Mmea unaopatikana Afrika, Uarabuni, India na hadi Australia hauhitaji kubembelezwa. Ukishashika ardhi vizuri, hauombi maji ya bomba wakati wa kiangazi, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayelipa ankara ya maji kila mwezi.

Sababu ya pili ni wageni unaowaleta. Maua yenye mrija mwembamba huwafaa wadudu wenye ulimi mrefu, yaani vipepeo wa mchana na nondo wa jioni, na nyuki nao hawakosi. Matunda huliwa na shore, kuzumburu, kwenzi na zuwakulu, ambao humeza tunda pamoja na mbegu na kwenda kuziangusha mahali pengine, na ndiyo maana utaona miche imejiotea chini ya miti wanayopenda kutua. Miiba iliyosokotana huwapa ndege wadogo mahali pa kujenga viota ambapo paka hawezi kupenya kwa urahisi. Mbwigu, yule ndege mweusi na mweupe anayesimama juu ya nyaya za umeme akiangalia chini, ana desturi ya kuchomeka panzi na mijusi kwenye miiba na kurudi kuwala baadaye, kwa hiyo kwake kichaka hiki ni ghala. Hata majani yana mlaji wake: yupo kiwavi mkubwa wa kijani, mwenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho, ambaye baadaye huwa nondo mzuri sana mwenye mabaka ya kijani na waridi, kwa jina la kitaalamu Daphnis nerii. Kiwavi huyo hula mimea ya ukoo huu, ukiwemo mtandamboo. Anayemwona na kukimbilia dawa ya wadudu anaua mmoja wa viumbe aliowapandia mti huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma niandike, kwa sababu naona watu wanaupanda mmea huu kwa nia njema na kisha wanauondolea manufaa yake kwa mkasi. Maua ya mtandamboo hutokea kwenye ncha za matawi. Anayepunguza ncha kila mwezi ili uzio uonekane nadhifu anaondoa maua kabla hayajafunguka, na pasipo maua hakuna matunda, na pasipo matunda hakuna sababu ya ndege kuja. Uzio wa mtandamboo uliokatwa mraba mwaka mzima unamfaa mwenye nyumba anayeogopa wezi, lakini kwa viumbe hauna tofauti na duranta. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba upunguzwe mara moja tu kwa mwaka, baada ya matunda kwisha, na upunguzwe upande mmoja. Upande wa pili usubiri mwaka unaofuata. Kwa njia hiyo daima kuna upande wenye maua na matunda, na kimo na upana wa uzio vinabaki katika mipaka inayovumilika. Kabla ya kukata, mtu achungulie ndani kwa utulivu, na akikuta kiota chenye mayai au makinda, kazi hiyo iahirishwe hadi makinda waruke.

Kuhusu upandaji, njia iliyo rahisi ni mbegu. Chuma matunda yaliyoiva hadi kuwa meusi, yaponde kwenye maji, osha mbegu hadi nyama yote iondoke, zianike kivulini, kisha zipande mapema, kwa kuwa hazipendi kuhifadhiwa muda mrefu. Tumia viriba vyenye mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga kidogo, na uviweke mahali penye kivuli chepesi. Miche ikifikia kimo cha sentimita 20 hadi 30, ihamishie shambani mwanzoni mwa mvua. Kwetu huku ni masika, Machi, au vuli, Novemba. Kwa uzio acha nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche, na kwa kichaka kinachosimama peke yake acha mita 2 kila upande. Vipandikizi vya matawi huweza kutoa mizizi pia, ingawa vinahitaji subira zaidi na vingi huoza. Nawaomba sana tusichimbe mitandamboo ya porini kwa ajili ya kuihamishia mijini, kwa sababu tayari mizizi yake inachimbwa kwa wingi kwa ajili ya supu na dawa za kienyeji, na mti mzima ukishang'olewa kwenye mteremko mkavu, haurudi upesi.

Udhaifu wake ni kwamba hukua polepole. Itapita miaka kadhaa kabla ya uzio kufunga kiasi cha kumzuia mbuzi, na mwenye haraka aweke nguzo na waya kwa muda huku mitandamboo ikikua nyuma yake.

Karibuni tujadili.

MkaziWaKizota, Dodoma

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo marefu na yaliyonyooka. Nina maswali ya mtu wa nchi kavu. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi karibu na Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi kwa miezi mingi. Kiwanja changu kina udongo mfinyanzi mweusi ule wa mbuga, ambao wakati wa mvua hauwezi kutembeleka na wakati wa kiangazi hupasuka. Zaidi ya hayo, mchwa hula kila mche ninaoupanda, na mbuzi wa majirani hupita watakavyo. Je, mmea huu utafaa, au nitakuwa ninajichosha?

UaLaNyuma (mleta mada)

Utafaa, ndugu yangu, na nchi kavu ni nyumbani kwake kuliko bustani zetu za Arusha zinazomwagiliwa. Kinachohitaji uangalifu ni mwaka wa kwanza. Kwa kuwa una msimu mmoja wa mvua, panda mara tu ardhi inapolowa vizuri mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, ili mizizi ipate miezi yote iliyobaki ya mvua kushuka chini kabla ya kiangazi. Mche uliopandwa mwezi Machi huko Dodoma utakutana na ukame ukiwa bado mchanga.

Kwenye udongo wa mbuga usipande shimoni, bali inua tuta dogo na upande juu yake, kwa kuwa mtandamboo huvumilia ukavu kuliko unavyovumilia kusimama ndani ya maji. Changanya udongo wa tuta na mchanga na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi na mabua makavu yaliyofukiwa huwaita mchwa, na matandazo yakigusa shina la mche yanawajengea njia iliyofunikwa. Sogeza matandazo mbali kidogo na shina, na mwagilia kidogo kwa nafasi badala ya kuacha mche ukauke kabisa, kwa maana mchwa hupendelea zaidi mmea ambao tayari umedhoofika. Wakulima wengi huzungusha majivu pia, na kwa kuwa hayana gharama, hakuna hasara ya kufanya hivyo.

Mbuzi ni adui wa kweli kwa miaka miwili ya mwanzo. Miiba ya mche mchanga bado ni laini na mbuzi huila bila shida. Zungushia kila mche matawi makavu ya mgunga, na uyabadilishe yanapooza. Baadaye mti utajilinda wenyewe, na hata wakila ncha za nje, sehemu ya ndani itabaki.

MamaNaMajirani, Morogoro

Mimi hoja yangu ni ya kiusalama. Nina watoto wadogo, na kila nikizungumzia kuacha kichaka karibu na nyumba, mama mkwe wangu ananiambia kwamba nitawaletea wajukuu wake nyoka. Wengine wananiambia kwamba mbu wa malaria hukaa kwenye vichaka. Naomba jibu la kweli, si la kunifariji, kwa sababu ndege ninawapenda, lakini watoto ndio wanaotangulia.

UaLaNyuma (mleta mada)

Dada, swali lako ni la haki na mama mkwe wako asipuuzwe. Nyoka hufuata vitu viwili, chakula na pa kujificha. Kichaka ni pa kujificha, hilo ni kweli, lakini marundo ya matofali, mbao, mabati ya zamani na banda la kuku lenye pumba zilizomwagika ni mahali pazuri zaidi kwake, kwa sababu hapo panya wapo wengi. Kwa hiyo, kabla ya kukihukumu kichaka, ondoa marundo hayo na funga chakula cha kuku. Kisha panda mtandamboo mpakani kabisa, mbali na milango, madirisha na njia ya kwenda chooni, na kwenye upande unaoelekea nyumba ondoa matawi ya chini hadi kimo cha sentimita 30 kutoka ardhini ili uweze kuona kilichopo chini yake. Upande wa nje unaweza kubaki umeshuka hadi chini. Katikati ya kichaka na nyumba weka eneo lililofagiliwa au nyasi fupi.

Kuhusu mbu, anofelesi, yaani mbu wa malaria, hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, na viluwiluwi vyake hukua humo humo. Mbu mzima anaweza kupumzika kwenye majani ya mmea wowote, ukiwemo mgomba na mchaichai, lakini kichaka hakimzalishi. Kinachomzalisha ni dimbwi, mfereji ulioziba na kila chombo kinachokusanya mvua. Fukia na umwage, na utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kukata miti yote ya mtaa. Vyandarua viendelee kutumika kama kawaida.

Watoto wafundishwe mapema kuhusu miiba, na pia kwamba tunda halichumwi likiwa la kijani, kwa kuwa bado lina utomvu mwingi. Jambo la watoto na matunda lina upande mwingine muhimu zaidi, na ninatumaini kuna mjuzi humu atakayelieleza kuliko mimi.

MwalimuMstaafu, Kiambu

Nitalieleza mimi, kwa sababu nimekuwa nikingoja kuona kama litatajwa. Mukawa una ndugu yake anayefanana nao sana, naye ni sumu kali. Kwa Kiswahili huitwa msunguti, na kwa jina la kitaalamu ni Acokanthera. Ni wa ukoo ule ule, una majani magumu yanayong'aa na kukaa mawili mawili, una utomvu mweupe, una maua meupe yenye rangi ya waridi na harufu nzuri, na una matunda yanayogeuka zambarau. Mara nyingi miti hii miwili hupatikana kwenye mteremko mmoja. Gome na mbao za msunguti ndizo zilizochemshwa kutengeneza sumu ya mishale ya Wakamba, Wagiriama na Waata, na kemikali yake, iitwayo wabaini, husimamisha moyo. Ndovu wameangushwa kwa sumu hiyo.

Tofauti iliyo wazi ni mwiba. Mukawa una miiba, msunguti hauna hata mmoja. Kwa hiyo kanuni niliyowafundisha wanafunzi wangu kwa miaka yote ni kwamba tunda la zambarau kutoka kwenye mti usio na miiba haliguswi, haidhuru mwenzako aseme nini. Na anayekusanya mbegu asichukue matunda yaliyoanguka chini mahali ambapo miti yote miwili ipo, bali achume juu ya tawi huku akiona miiba kwa macho yake.

Sisemi hivyo ili msunguti uchukiwe. Nao ni mti wetu wa asili, na maua yake yana wageni wake. Kuna panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, anayetafuna gome lake na kupaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu ya ubavuni, hivi kwamba mbwa anayemng'ata hupata madhara makubwa au hufa. Watafiti waliyachapisha hayo mwaka 2011. Mti wa namna hiyo una haki ya kuwepo msituni. Kwenye ua wa nyumba yenye watoto hauna nafasi.

Nyongeza nyingine ni kwamba, kwenye vitalu vya Nairobi na Kiambu, ukiomba karisa unaweza kupewa Carissa macrocarpa, ambayo ni ya pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji. Utaitambua kwa miiba iliyogawanyika kama panda ya manati, maua makubwa meupe kabisa na matunda makubwa mekundu. Si mmea mbaya, na matunda yake huliwa, lakini si ule unaozungumzwa hapa. Anayetaka wa kwetu aulize kwa jina la mukawa na aangalie mche wenyewe kabla ya kulipa. KEFRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, wana kituo cha mbegu za miti pale Muguga, na inafaa kuanza kuulizia huko.

UaLaNyuma (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo. Maelezo yako ndiyo yaliyokuwa yakikosekana kwenye uzi huu, na ninawaomba wasimamizi wayaweke juu kabisa, mahali ambapo kila anayefungua ataanza kuyasoma. Kwa wenzetu wa Tanzania, vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, navyo ni mahali pa kuulizia miche ya miti ya asili.

MwalimuMstaafu, Kiambu

Marahaba.

AsaliSafi, Singida

Ninaongeza neno moja kwa upande wa ufugaji nyuki. Watu hupanda maua kwa ajili ya nyuki, kisha jioni hiyo hiyo hupulizia dawa ya wadudu kwenye nyanya zilizo pembeni ya maua hayo. Upepo mdogo unatosha kuifikisha dawa kwenye kichaka, na nyuki hawajui kwamba mstari mmoja ni chakula na wa pili ni sumu. Anayepanda mtandamboo karibu na bustani ya mboga aache kabisa kupulizia wakati umechanua, na kama hana budi, basi atumie dawa isiyodumu, apulize baada ya jua kuzama nyuki wakiwa wamesharudi mizingani, na achague siku isiyo na upepo. Ninaona pia kwamba chini ya kichaka kisichofagiliwa kuna uhai mwingi kuliko juu yake. Majani makavu yakiachwa, jongoo na mende huingia, na kurumbiza huja kuyapekua asubuhi mapema.

UpepoWaKusi, Bagamoyo

Sisi tulio karibu na bahari je? Kiwanja changu kiko hatua chache kutoka ufukweni, mchanga mtupu, na upepo wenye chumvi unaunguza kila jani laini.

UaLaNyuma (mleta mada)

Mtandamboo hupatikana Pwani pia, lakini mahali ulipo wewe, penye chumvi moja kwa moja, ningeanza na mswaki, Salvadora persica. Ni kichaka cha asili kinachohimili chumvi na mchanga kuliko karibu vyote ninavyovifahamu. Matunda yake madogo hupendwa na ndege wengi, na mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa faida nyingine za mti huo. Panda mswaki mbele, upande unaoelekea bahari, kisha nyuma yake, penye kinga ya upepo, ndipo uweke mitandamboo. Kanuni ya mkasi ni ile ile kwa yote miwili.

RangiZaBustani, Moshi

Nimesoma kwa makini, ila sijaona kwa nini nihangaike na mmea unaokua polepole wakati lantana ipo. Tawi moja la lantana likichomekwa ardhini linashika, linatoa maua mwaka mzima, ya rangi tatu kwenye kishada kimoja, na vipepeo hujaa tangu mwaka wa kwanza. Kama lengo ni kuwasaidia viumbe, lantana imelitimiza kwa gharama ndogo.

UaLaNyuma (mleta mada)

Ndugu, ni kweli kwamba vipepeo huipenda lantana, na mimi sina sababu ya kukanusha kile ambacho kila mtu anakiona. Tatizo ni kinachotokea baada ya hapo. Lantana camara ilitoka maeneo ya joto ya bara la Amerika, na leo imo kwenye orodha ya IUCN, yaani shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Matunda yake huliwa na ndege wale wale wanaokula mtandamboo, nao huzisambaza mbegu hadi kwenye malisho na kingo za misitu, ambako hufunga ardhi na kuzuia miche ya asili isiote. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Mnyama aliyeyala kwa wingi huharibika ini, na ngozi yake huungua juani. Wewe ukiwa Moshi, ndege anayekula lantana kwenye ua wako anaweza kulala usiku huo kwenye miti iliyo jirani na msitu wa Kilimanjaro.

Jambo lingine ni la viwavi. Kipepeo anahitaji nekta siku chache za utu uzima wake, lakini kiwavi anahitaji jani la mmea ambao aina yake imelizoea kwa vizazi vingi. Kichaka cha kigeni mara nyingi huwalisha wakubwa bila kuwalisha watoto wao. Ndege wadogo wanaolisha makinda yao hawatafuti nekta, wanatafuta viwavi, hata wale ambao wakiwa wakubwa hula mbegu. Kwa hiyo ua lililojaa vipepeo wazima linaweza kuwa halina chakula cha makinda hata kidogo. Ukitaka rangi upesi huku mtandamboo ukikua, mkole na jamaa zake, yaani Grewia, wana spishi nyingi za asili zenye maua na matunda, na hukua haraka zaidi.

RangiZaBustani, Moshi

Hoja ya viwavi sikuwahi kuisikia ikielezwa hivyo, na ninaipokea. Swali langu la mwisho ni la vitendo. Mbele ya nyumba nina duranta ya miaka mingi, imefunga vizuri, na kando ya bomba nina kichaka kikubwa cha lantana. Je, ning'oe vyote sasa nipande upya? Nikifanya hivyo nitakaa bila uzio kwa miaka.

UaLaNyuma (mleta mada)

Usiving'oe pamoja. Anza na lantana, kwa kuwa ndiyo inayoenea. Ikate kabla matunda hayajawa meusi, ichimbe na mizizi yake ardhi ikiwa na unyevu, na urudi kila baada ya mvua kung'oa miche itakayochipua, kwa maana mbegu zilizokwisha kuanguka zitaendelea kuota kwa muda. Matawi uliyoyakata usiwatupie mifugo.

Duranta iache isimame. Panda mitandamboo kwa ndani, hatua moja kutoka kwenye mstari wa duranta, mwanzoni mwa masika yajayo. Mwaka wa kwanza na wa pili, punguza duranta kwa upande wa ndani ili mwanga ufike kwenye miche, na uiache upande wa barabarani iendelee kukukinga. Mitandamboo ikifika kiunoni, anza kuondoa duranta kipande kwa kipande, mita 2 au 3 kwa msimu, ukianzia upande ambao mitandamboo imefunga vizuri zaidi. Kipindi hicho chote ndege hawatakosa pa kulala, na wewe hutakosa uzio. Kila kipande utakachokiondoa, kichunguze kwanza kama hakina kiota.

Kwa wote mlioomba mbegu kwa ujumbe wa faragha, nitachuma matunda yatakapoiva na kuyaosha siku hiyo hiyo. Tayarisheni viriba mapema, kwa sababu nitazituma mara tu zikikauka kivulini, nazo zinapaswa kuingia ardhini zikifika.